Kibarua, manamba, deiwaka: fasihi yetu na hesabu za mtu wa kawaida

Desemba 2018 serikali ya Tanzania ilianza kugawa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo: shilingi 20,000 kimoja, na mwenye haki ya kukipata alikuwa yule ambaye mauzo yake kwa mwaka hayakuvuka shilingi milioni 4. Mengi yalisemwa kuhusu kodi na siasa za jambo lile. Msomaji wa fasihi alikuwa na sababu ya kusimama pengine kabisa, kwenye ile tarakimu. Gawanya milioni 4 kwa siku 365, unapata shilingi 10,959 kwa siku, tena hayo ni mauzo tu, mtaji haujarudi. Ghafla kabwela akawa na mpaka unaopimika. Sasa chukua riwaya yoyote ya Kiswahili iliyo karibu nawe yenye fukara ndani yake, uitafutie tarakimu ya namna hiyo. Utaambiwa ana dhiki, nguo zake zina viraka, leo kashindia maji. Anaingiza ngapi, anadaiwa na nani, kodi ya chumba inaiva lini? Kimya.

Kimya hicho kinashangaza kwa sababu lugha yenyewe haikunyamaza. Majina mengi ambayo Kiswahili kimempa mtu wa chini yametoka kwenye namna ya kumlipa. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa ili jioni adai ujira wake. Jina la karatasi likamhamia aliyeishika. Manamba ni namba: watu walioandikishwa mbali, wakapewa namba, wakasafirishwa kwenda kukata mkonge. Deiwaka, yule anayeshika usukani wa daladala kwa saa chache mwenye gari akipumzika, amebeba siku yake ndani ya jina. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika kulikuwa na kadi ya kipande yenye nafasi 30, moja kwa kila siku ya kazi, na mshahara uliiva nafasi zikijaa. Siku uliyougua haikuandikwa. Ndiyo maana mwezi wa manamba haukuwa mwezi wa kalenda, na anayeandika hadithi ya mkonge kwa kufuata kalenda ya ukutani ameshakosea kabla hajamtaja mhusika.

Kenya nako kipande kilikuwa kitu kingine, kizito zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kubeba cheti kilichowekwa ndani ya kikasha cha bati na kuning'inizwa shingoni. Ndani yake mlikuwa na jina, alama za vidole, mwajiri, tarehe ya kuanza kazi, tarehe ya kuachishwa na mshahara. Kwa maneno mengine, wasifu wa kwanza wa maandishi wa watu wengi wa kawaida uliandikwa na mwajiri. Mwenye wasifu hakuruhusiwa kuongeza hata neno. Fasihi ilipokuja baadaye kumwandika mtu huyohuyo, kazi yake kubwa ingekuwa kuchukua ile karatasi na kujaza yaliyoachwa wazi. Badala yake, mara nyingi iliitupa karatasi yote na kuanza na machozi.

Kuna fungu la pili la majina, nalo halikutoka kazini. Mwananchi, mnyonge, mlalahoi, hasla: haya ni ya jukwaani. Mwananchi alitawala enzi za uhuru. Mlalahoi, anayejitupa kitandani hoi, alishamiri katika siasa za vyama vingi Tanzania. Mnyonge akapata enzi yake kati ya 2015 na 2021, John Magufuli alipojulikana kama rais wa wanyonge. Hasla wa Kenya aliingia uchaguzi wa 2022 akiwa na alama ya toroli. Tofauti ya mafungu haya mawili ni rahisi kuiona: jina la kazini linakuambia mtu anafanya nini tangu alfajiri, na jina la jukwaani linakuambia ni nani anataka kura yake. Mwandishi anayemwita mhusika wake mlalahoi ameazima jicho la mgombea. Akimwita saidia fundi, tayari ana ndoo ya zege mkononi, ana fundi wa kumtukana, na ana jioni ya kulipwa au kuzungushwa.

Wanjiku wa Kenya ni kisa cha pekee kwa kuwa alizaliwa kwa dharau. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mjadala wa katiba ulipopamba moto, Rais Moi aliuliza Wanjiku anajua nini kuhusu katiba. Jina la kawaida la mwanamke wa Kikikuyu likawa jina la raia asiye na cheo. Mchoraji Gado akamchukua, akamchora gazetini mwaka baada ya mwaka, na katiba mpya ilipozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 watu wakaiita ya Wanjiku bila kucheka. Katuni ilifanya ambalo hotuba isingeweza, ilimpa mwili. Hata hivyo, jina moja la kabila moja na jinsia moja likishabeba taifa zima, mvuvi wa Lamu na mchunga ngamia wa Garissa wanabaki kuuliza kama nao wamo. Ni swali halali, na katuni haikuundwa kulijibu.

Tukiacha karatasi, tuangalie shaba. Katikati ya Dar es Salaam pale Posta kuna Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa 1927 kukumbuka Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza. Ni askari mmoja na bunduki yenye singe. Lakini vita vile havikubebwa na bunduki, vilibebwa na vichwa. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi waliswagwa kutoka vijijini kubeba unga, risasi na majeruhi, na makumi ya maelfu yao walikufa, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Nairobi, sanamu ya kumbukumbu iliyosimamishwa mwaka uliofuata kwenye barabara ambayo leo ni ya Kenyatta ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Dar es Salaam mpagazi hakupata shaba. Alipata soko: Kariakoo ni Carrier Corps iliyotamkwa na wenyewe, mahali palipokuwa na kambi yao. Kila siku watu wanalitaja jina lake wakiulizana bei ya vitenge. Sidhani kuna mnara uliotembelewa zaidi ya huo, na sidhani wengi wanaoutembelea wanajua ni mnara.

Fasihi ya zamani ilikuwa na sababu zake za kumpita mtu huyu. Tenzi za kale zilihitaji jemadari, nabii au angalau shujaa kama Liyongo. Beti zake za mizani nane nane zilikwenda vizuri na farasi na upanga. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyekufa mnamo 1840, ndiye wachambuzi humsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni: mapenzi, kejeli, fumbo, ugomvi wa mji. Lakini hata kwa Muyaka soko lina sauti zaidi kuliko mizani ya duka. Tunasikia watu wakirushiana maneno, hatuoni wanauziana nini.

Shaaban Robert ndiye aliyemweka mtu wa kawaida kwenye kiti cha mbele, na ndiye aliyemvisha vazi ambalo limekuwa gumu kulivua. Mbinu yake ni ile inayoitwa majazi, jina kubeba tabia. Utubora ni utu bora. Majivuno anajivuna. Karama amekarimiwa. Katika Utubora Mkulima, Utubora anaacha kazi ya ofisini mjini, anakwenda Busutamu kulima, na jembe linamfanya mtu kamili. Ni kitabu chenye Kiswahili cha kulamba vidole, na nisingependa kuishi bila hicho. Lakini jembe lile halina mpini uliovunjika. Mkulima yeyote atakuuliza: alilima ekari ngapi, palizi ya pili aliipata kwa nguvu za nani, mvua ilipochelewa alikula nini? Majazi hayana nafasi ya maswali hayo kwa kuwa jina limeshajibu kila kitu. Mtu anayeitwa Utubora hawezi kudanganya bei ya mahindi yenye fukusi, ilhali mkulima wa kawaida, mwema kabisa, amewahi.

Linganisha na kazi yake nyingine, wasifu wa Siti binti Saad, uliotoka 1958. Hapo alikuwa na mtu wa kweli mikononi, na ukweli ulikataa kulainishwa wote. Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, mnamo 1880, akapewa jina la Mtumwa. Mama yake alifinyanga vyungu; binti akavitembeza. Fikiria kazi yenyewe: chungu cha udongo hakikunjwi wala hakibanwi, kikigongana na mwenzake kimekwenda, na Fumba hadi mjini ni kilomita zisizopungua 15. Muuza vyungu hawezi kukimbia wala kusukumana. Silaha yake ni sauti, kwa sababu mnunuzi yuko ndani ya nyumba na lazima atolewe nje kwa mwito. Sauti ile ndiyo iliyomfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Shaaban anamsifu kwa subira na heshima, naye alistahili. Mimi ningetoa kurasa kumi za subira kwa ukurasa mmoja wa bei ya chungu.

Na Siti mwenyewe alijua kuhesabu. Wimbo wake kuhusu Kijiti unasimulia kisa kilichotokea Unguja: mwanamke mgeni, mja mzito, anatolewa matembezini, anauawa; muuaji anavuka kwenda bara; wanawake waliokuwa wenyeji wake ndio wanaobebeshwa kesi. Hakuna mahubiri humo. Kuna jina la mtu, kuna pombe, kuna mahakama, kuna nani aliadhibiwa na nani aliondoka. Waliosikiliza walijua watu wenyewe na vichochoro vyenyewe. Ndiyo maana wimbo ule ulichoma kuliko ungekuwa unalalamikia dunia kwa jumla.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mambo yalikwenda upande mwingine. Mkulima na mfanyakazi wakawa rasmi wenye nchi, na fasihi ikaombwa iwasifu. Chombo kilichochongwa kwa kazi hiyo kilikuwa ngonjera, aliyoipa umbo Mathias Mnyampala na kuenezwa na UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi. Ukiifungua ngonjera utakuta watu wawili wanabishana kwa beti. Mmoja ana shaka, au ni mvivu, au kapotoshwa na mji. Mwenzake anajua. Beti zinapishana, mwenye shaka analegea, mwishoni wote wawili wanaimba ubeti mmoja. Ni muundo mzuri kwa watoto wa shule wakisimama mistari miwili siku ya mgeni rasmi. Tatizo lake liko kwenye ufundi wenyewe: mwisho umeamuliwa kabla swali halijaulizwa, kwa hiyo yule mwenye shaka, ambaye ndiye mtu wa kawaida pekee kwenye jukwaa, analazimika kuwa mjinga. Akiuliza swali zuri kweli, kwa mfano, tukihamia kijiji kipya migomba yangu ataitunza nani, ngonjera inavunjika. Euphrase Kezilahabi aliuliza maswali ya namna hiyo kwenye Gamba la Nyoka, 1979, na ilimbidi atumie riwaya.

Mwaka huohuo Adam Shafi alitoa Kuli. Hiki ndicho kitabu ninachomrudishia kila anayesema mtu wa kawaida hawezi kubeba riwaya. Rashidi ni kuli, mtoto wa kuli, katika bandari ya Unguja, na kitabu kinaelekea kwenye mgomo wa 1948 ulioanzia bandarini na kusambaa mjini. Nguvu yake iko kwenye utaratibu wa kazi. Kazi ya bandari wakati ule ilikuwa ya kutwa: meli ikifika kuna kazi, isipofika hakuna, na asubuhi watu wanasongamana wakisubiri kuchaguliwa. Ukishaelewa hilo, huhitaji kuambiwa kwa nini mtu anamnyenyekea msimamizi asiyempenda, kwa nini rafiki anamwonea wivu rafiki, kwa nini aliyeumia mgongo anauficha. Na mgomo nao unaeleweka ukubwa wake. Mtu mwenye mshahara wa mwezi akigoma siku tatu amehatarisha kazi; mtu wa kutwa akigoma siku tatu watoto wameshalala njaa mara tatu. Kitabu kina udhaifu wake. Viongozi wa wafanyakazi wakianza kuhutubia, wanageuka vipaza sauti, na msomaji anatamani warudi kwenye magunia.

Deni lafanya kazi hiyohiyo. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza 1994, inaanzia kwa mtoto Yusuf anayeondoka kwao akidhani anasafiri na ami yake, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba. Neno moja, rehani, linasukuma kitabu kizima. Hakuna aliye katili kupita kiasi hapo mwanzoni. Kuna daftari la mfanyabiashara tu.

Shuleni ndiko hesabu hizi zinakofutwa. Swali la mtihani linasema eleza sifa na umuhimu wa mhusika fulani, na mwanafunzi ameshafundishwa jibu: ni mvumilivu, ni mchapakazi, ana huruma, ni mwenye msimamo; umuhimu wake, anawakilisha tabaka la chini. Kila sifa na mfano wake mmoja, alama zinatoka. Nimesahihisha fikra za namna hii kwa wasomaji wazima walioacha shule miaka 20 iliyopita, bado wanasoma riwaya kama wanaokagua cheti cha tabia njema. Anayewakilisha tabaka hawezi kuwa bahili. Hawezi kupenda mpira kupita mkewe. Mwandishi chipukizi aliyelelewa na swali hilo anaanza kwa kuandaa sifa nne, kisha anatafuta mtu wa kuzibeba, na hapo ndipo wanapotoka wale wahusika bapa wanaofanana kama matofali ya kiwanda kimoja.

Televisheni ina kosa lake. Mlinzi wa getini, Mpemba wa dukani, dada wa kazi aliyetoka kijijini: hawa wanaletwa kwa lafudhi. Lafudhi inachekesha mara ya kwanza. Mara ya kumi umegundua mtu mwenyewe hayupo, kuna mdomo tu. Dada wa kazi ameonewa zaidi. Katika tamthilia atamwiba mume wa nyumba au atamtesa mtoto, hana kazi ya tatu. Hali halisi ya kazi yake imejaa hadithi: anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho, mshahara wake aghalabu ulipatanwa na mtu mwingine, na fedha inaweza kupitia kwa shangazi kabla ya kumfikia mama kijijini. Nani anakata kidogo njiani? Hapo pana tamthilia ya misimu miwili, bila sumu wala hirizi.

Basi, tushuke kwenye ufundi. Tuseme unataka kuandika muuza nyanya wa mtaani. Tarakimu zifuatazo ni za mazoezi, badilisha kwa soko lako. Ananunua tenga moja alfajiri kwa shilingi 40,000. Guta la kulifikisha kijiweni 3,000, ushuru na mbebaji 1,000. Kazi ya kwanza si kuuza, ni kuchambua: tenga huwa limepangwa nzuri juu na zilizopondeka chini, na hajui hasara yake mpaka afike chini kabisa. Tuseme amepata mafungu 100 mazima ya 500, na mafungu 20 ya masalo, zile zilizochubuka, anayaachia kwa 200. Jumla 54,000. Toa 44,000, amebaki na 10,000, na tenga limechukua siku mbili kuisha. Yaani 5,000 kwa siku. Kila siku anamtilia kijumbe, mkusanyaji wa mchezo wa kupokezana fedha kwa zamu, 2,000. Zimebaki 3,000 za unga, mkaa, maji na nauli ya mtoto.

Tazama sasa hesabu hiyo inavyoandika hadithi yenyewe. Kwanza, mauzo ni 27,000 kwa siku. Akifanya kazi siku 300, ameuza milioni 8.1, zaidi ya mara mbili ya kile kipimo cha milioni 4. Kwa karatasi huyu si mdogo tena. Kwa chungu chake, akilazwa siku mbili mtaji umekwisha. Pili, sasa unajua anaogopa nini. Haogopi umaskini, hilo ni neno la warsha. Anaogopa mvua ya saa nane mchana, kwa sababu wateja hawapiti na nyanya zilizoiva hazisubiri kesho. Tatu, unajua ni wapi atateleza. Tenga likitoka bovu, mchezo haukubali udhuru, zamu ya kupokea ni ya jirani. Atakwenda kwa wale wakopeshaji wa kausha damu, achukue 50,000 arejeshe kila siku na riba juu. Hakuna haja ya kumleta tajiri mwenye kitambi na kicheko kibaya. Rejesho la kila siku linatosha.

Anayefika hapa hukosea kwa njia mbili. Wapo wanaomwaga tarakimu zote ukurasa wa kwanza, hadithi ikawa ripoti ya mradi. Tarakimu moja kwa wakati, tena itoke mdomoni mwa mtu mwenye sababu ya kuitaja: mke anayeuliza zilizobaki, kijumbe anayesimama mlangoni. Wengine wanamwokoa mhusika. Wanamtoa kwa mfadhili wa kigeni, kwa tiketi ya bahati nasibu, kwa mtoto aliyefaulu na kurudi na gari. Ninaelewa huruma hiyo, lakini inaharibu hesabu iliyojengwa kwa jasho. Kifo nacho ni uokoaji wa aina yake, hasa kile kifo cha fukara kinachotokea ili tajiri ajifunze.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni masihara. Kijiweni watu wanataniana kutwa nzima, na utani wao ni wa fedha: nani kakimbia kijumbe, nani kavaa suti ya mkopo. Mhusika fukara asiyetania ameandikwa na mtu anayepita kwa gari, vioo juu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na sehemu ya haki yake ni ulimi.

Kuna kazi mpya za mjini ambazo bado sijaziona zikitendewa haki. Dereva wa bodaboda wa mkataba, anayelipa hesabu kila siku akijua pikipiki itakuwa yake siku ya mwisho ikiwa haitakufa kabla. Na wakala wa fedha za simu. Huduma hiyo ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, ikaleta aina ya mtu ambaye hakuwapo: msichana kwenye kibanda cha mbao, akiwa na simu mbili, daftari la kuandikia namba na saini, na mtaji usio wake. Ana mifuko miwili ambayo lazima ijumlike sawa, taslimu na floti, yaani salio la kwenye simu. Mteja akitoa fedha, taslimu inapungua na floti inapanda. Akiweka, kinyume chake. Mwisho wa mwezi walimu wakipokea mishahara wote wanatoa, taslimu inamwishia saa tano asubuhi, na foleni inamwita mwizi. Anajua siri za mtaa wote: nani anatumiwa na nani, kila tarehe ngapi, na nani ameacha kutumiwa.

Mwenye nia ya kumwandika anaweza kuanzia saa mbili usiku, mlango umeshafungwa nusu. Mtaji ni 500,000. Taslimu kaihesabu mara tatu, ni 312,000. Floti inasoma 184,500. Zinapungua 3,500, mwenye kibanda anapiga simu, na leo mchana aliyekaa hapa kwa dakika kumi wakati yeye amekwenda chooni ni mdogo wake.